Jiko Lililopimwa kwenye Picha

Mwalimu Filemoni alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango wa Newala ulilijua paji lake la uso. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, akastaafu na mikorosho mia na kumi, baiskeli moja, na tabia moja ambayo hata wanafunzi wake wa mwanzo, wenye wajukuu sasa, bado wanaisimulia. Alipenda kukata. Ukimpelekea makisio ya arusi ya watu mia mbili, atakurudishia ya watu sitini, na bado atakuuliza kama kweli kila mtu lazima apate kiti.

Mke wake, Ethel, ambaye mji mzima ulimwita Mama Witness, alivumilia kukatwa huko kwa karibu kila kitu. Alikatiwa sukari, akakatiwa mafuta ya taa enzi za mafuta ya taa, na umeme ulipokuja akakatiwa balbu ya ukumbini. Kitu kimoja tu hakukubali kikatwe, na hicho kilikuwa ahadi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Filemoni alimwambia, kwa kinywa chake, mbele ya mama mkwe: "Korosho zikiuzwa, nitakujengea jiko la kupikia umesimama, lisilo na moshi."

Korosho ziliuzwa. Ukawa mwaka wa bati. Zikauzwa tena, ukawa mwaka wa ada ya Witness, na baadaye mwaka wa salfa ya kupulizia mikorosho kupanda bei, na mwaka wa kumzika mjomba. Kisha ukaja mwaka wa baiskeli, na huo Ethel hakuusamehe kamwe. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa limemzidi umri binti yao, ambaye sasa ana mume na nyumba yake Masasi. Muda wote huo Ethel alipika kwenye kibanda nyuma ya nyumba, juu ya mafiga matatu, ameinama, macho yakimchuruzika kama mtu aliyefiwa kila mlo.

Januari Witness akajifungua mtoto wa kiume. Ethel akafunga kanga zake, akashuka Masasi kumlea mzazi, kama desturi inavyotaka. Huko ndiko alikokutana na makabati. Mkwe wake alikuwa ameweka jiko la kisasa: kabati chini, kabati juu, kaunta nyeusi inayong'aa, jiko la gesi, na droo moja ambayo ukiisukuma inarudi taratibu yenyewe bila kelele, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Witness anasema mama yake aliisukuma droo ile mara ishirini siku ya kwanza. Siku ya pili alileta kiti akakaa mbele yake.

Arobaini ikapita. Filemoni akapiga simu.

"Mama Witness, arobaini imekwisha."

"Nimeiona ikiisha, Baba Witness."

"Sasa?"

"Sasa niko kwenye jiko lisilo na moshi. Unajua jana nimesoma Zaburi nzima bila kufuta miwani? Muuguzi mmoja wa hospitali ya Ndanda alisema macho yangu hayaumwi, yanapikwa. Wewe jenga jiko langu kwanza, halafu nipigie. Kwenye moshi sirudi ng'o."

Simu ikakatwa. Filemoni, bingwa wa kukata, alibaki ameishika sikioni kwa muda.

Jioni ile alijikaza kiume, akaenda kibandani kujipikia. Kuni zilikuwa mbichi kidogo. Dakika tano hazijapita akatoka anakohoa, machozi yanamdondoka hadi kwenye kola, paji la uso limegonga boriti mara mbili, na sufuria limebaki ndani na maji ya uvuguvugu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akifuta macho, na nitasema wazi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hatasema: alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma. Nyumba ilikuwa kimya mno. Alikula muhogo mbichi na korosho tatu, akalala.

Kesho yake akanunua daftari la kurasa themanini, akaandika juu ya jalada kwa mwandiko wa ubaoni: MAKISIO YA JIKO.

Fundi aliyempata aliitwa Sadallah, kijana aliyejifunza useremala kwenye karakana za Ndanda, mwenye penseli nyuma ya sikio na heshima nyingi mdomoni. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia Newala, hata mwezi hana, na hakuwajua watu. Alikagua chumba cha stoo ambacho kingekuwa jiko, akapima kuta, akakaa chini na Filemoni, akataja jumla. Milioni nne na laki moja.

Filemoni hakupiga kelele. Alivua miwani tu, akaifuta, akaivaa tena, akaiangalia ile namba kama jibu ambalo mwanafunzi ameliandika kwa lugha nyingine. Benki alikuwa na milioni mbili na laki nane, fedha zote za msimu, pamoja na alizotenga kuichangia kwaya sare mpya, maana alikuwa ameshaamua kwamba kwaya inaweza kuimba na sare ya zamani.

"Tuanze kukata," akasema.

"Tukate wapi, mwalimu?"

"Juu mpaka chini."

Wakakata siku nne. Sinki la mabeseni mawili likawa la beseni moja. Bomba la maji ya moto Filemoni alilifuta kwa wino mwekundu. "Fundi, wewe mgeni hapa. Maji ya Newala huja kama askofu, kwa taarifa, na hukaa siku moja. Ya baridi hatuyaoni, ya moto tutayatoa wapi?" Kaunta ya graniti ikawa kaunta ya zege iliyobandikwa vigae, na vigae vyenyewe vikawa mabaki ya dukani, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya chai. Vitasa vipya kumi na vinne vikafutwa, badala yake Filemoni akaleta kutoka uvunguni mkebe wa vitasa alivyoving'oa kwenye makabati mabovu tangu akiwa mwalimu, vya aina saba tofauti, kimoja kikiwa cha mlango wa chooni. Sadallah akavihesabu kimoja kimoja. Droo ya kujirudi yenyewe ilikatwa mara tatu na kurudishwa mara tatu, maana kila Filemoni alipoikata alikumbuka kwamba ndiyo iliyomzuia mkewe Masasi. Ikabaki.

Kwa nini asimpigie Ethel kumuuliza anataka nini? Alijaribu, mara mbili. Simu ya kwanza iliongeza rafu ya vikombe. Ya pili iliongeza kabati la kona linalozunguka. Baada ya hapo Filemoni alikuwa akituma ujumbe tu, "Jiko linaendelea vizuri," kisha anazima simu haraka kabla halijaongezeka.

Siku ya nne jumla ilifika milioni mbili, laki nane na elfu arobaini na tano. Elfu arobaini na tano tu zilizidi. Filemoni akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akasimama kwenye mstari ambao hakuwa ameuelewa.

"Hii ni nini? Safari ya kumpima mpishi?"

"Hiyo ni nauli yangu ya kwenda Masasi na kurudi, chakula, na nusu siku ya kazi. Nimpime mama."

"Umpime ili iweje? Unamshonea gauni?"

"Mwalimu, jiko si kabati la nguo. Tulivyofundishwa, kaunta hupimwa kwenye mwili wa mpishi, kiganja kimoja chini ya kiwiko. Na kabati la juu liwe pale mkono wake unapofika bila kuchuchumia. Ukikosea, mtu anapika mgongo unamuuma, au anapika mabega yakiwa masikioni."

Filemoni akacheka kicheko cha mtu aliyeona pesa imelala njiani. "Fundi, mimi na yule mama tumeishi miaka thelathini na moja. Unataka nikulipe elfu arobaini na tano ukaniletee habari za mke wangu?"

Akaukata mstari. Hesabu ikafunga pale pale, bila salio, bila deni, shilingi kwa shilingi. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, na nusura aipige alama ya vema.

"Sawa," Sadallah akasema. "Basi niambie wewe. Mama anakufika wapi?"

Hapo Filemoni akafungua mdomo, ukabaki wazi.

Na wewe unayecheka, simama ulipo, useme bila kuchungulia: wako anakufika wapi? Filemoni alijitahidi. Alijaribu kumwona Ethel kichwani, akamwona amekaa kwenye kigoda anachambua mbaazi. Akamwona ameinama kwenye mafiga. Akamwona kanisani, upande wa akina mama, kilemba tu kati ya vilemba. Akamwona njiani, lakini njiani Filemoni alikuwa akitembea mbele kwa hatua zake za twiga, na kilichokuwa kikija nyuma kilikuwa sauti ikimwambia apunguze mwendo. Ethel aliyesimama kando yake, bega kwa bega, hakumpata. Jasho likamtoka, na Newala ile ya upepo wa baridi.

Kisha akaikumbuka picha.

Ilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya mpingo: siku ya arusi, mbele ya kanisa. Filemoni amevaa suti ya kuazima iliyoishia kwenye vifundo vya mikono, Ethel na shela, wote wamekaza macho kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Picha ilikatwa magotini, kwa sababu mpiga picha alisema miguu haina habari. Na pale, wazi kabisa, utosi wa Ethel ulikuwa umefika kwenye sikio la bwana arusi.

"Hapa," Filemoni akasema, akijigusa sikio. "Ushahidi huo ukutani."

Sadallah akaitazama picha kwa muda mrefu. "Picha si mtu, mwalimu."

"Picha haisahau."

"Basi niandikie." Na kijana yule, heshima zake zote, akamsogezea mwalimu daftari lile lile. Filemoni akaandika chini ya jumla: Kipimo cha mpishi nimetoa mimi mwenyewe, sikioni. Akatia saini na tarehe. Sadallah akamsimamisha ukutani, akachora alama ya penseli usawa wa sikio, akashuka hadi pale ambapo kiwiko cha mtu wa kimo hicho kingefika, akashuka kiganja kimoja, akaanza kazi.

Kazi ikachukua miezi miwili, na ilipokwisha, ukweli lazima usemwe, lilikuwa jiko zuri. Vigae vya rangi mbili vilipangwa vikawa kama vimekusudiwa. Vitasa vya aina saba vilimeremeta. Droo ilirudi yenyewe. Filemoni alichemsha chai yake ya kwanza pale, amesimama wima, bila kuinama hata kidogo, paji la uso likiwa salama, akashangaa mwenyewe jinsi ilivyo raha. Kesho yake akachemsha tena, na mayai. "Kumbe wanawake wanafaidi," akajisemea, na namshukuru Mungu kwamba Ethel hakuwepo kumsikia.

Akapiga simu Masasi. "Mama Witness. Jiko tayari."

"Kweli, Baba Witness?"

"Kweli."

"Nakuja Jumamosi," Ethel akasema, na tayari alikuwa anakunja kanga. Miaka thelathini na moja si mchezo.

Jumamosi Filemoni alialika mashahidi. Alikuja Bernard, mzee wa kanisa, aliyekuwa msimamizi wake wa arusi. Walikuja akina mama sita wa umoja wa kanisani, wakiongozwa na Bibi Emilia, ambaye kwa vigelegele hana mpinzani uwanda mzima wa Makonde. Sadallah naye alikuja, akasimama nyuma karibu na mlango, daftari la makisio likiwa kwapani. Ethel akateremka kwenye gari na begi lake, akapiga goti kuwaamkia wakubwa, akapokea shikamoo za wadogo, akaliweka begi mlangoni. Filemoni akafungua mlango wa jiko kwa mkono mmoja kama mtu anayefunua jiwe la msingi.

Ethel akaingia. Bibi Emilia akavuta pumzi tayari kwa kigelegele.

Kigelegele hakikutoka. Ethel alikuwa ameifikia kaunta, na kaunta ilikuwa imemfika kifuani. Ndiyo, kifuani. Alisimama pale, mikono miwili juu ya vigae, kidevu kimeinuliwa. Akaangalia kabati la juu. Akanyoosha mkono, akachuchumia, kidole cha kati kikabaki kinakuna hewa. Akashusha mkono. Akatazama mbele yake, moja kwa moja, akasema kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani:

"Muuzaji, naomba sukari robo."

Bibi Emilia alikuwa wa kwanza kuanguka. Alicheka akaketi sakafuni, akina mama wengine wakashikana, mmoja akatoka nje kabisa akashikilia ukuta. Sadallah alitazama dari. Filemoni alisimama katikati ya jiko lake, mikono inaning'inia.

"Haiwezekani," akasema. "Nilipima! Picha inasema sikioni!"

"Picha gani?" akauliza Bernard.

"Ya arusi!"

Bernard akaenda sebuleni, akarudi na picha, akaiangalia. Kisha akajipiga paja kwa kishindo. "Tofali!"

"Tofali gani?"

"Filemoni, ndugu yangu, hukumbuki? Mpiga picha alilalamika, akisema akikuweka wewe kwenye picha, bibi arusi haonekani, na akimweka bibi arusi, wewe huna kichwa. Nikaenda nyuma ya kanisa walikokuwa wanajenga ghala, nikaleta tofali la saruji. Likasimamishwa wima, bibi arusi akapanda, gauni likalifunika. Wewe ulikuwa umeambiwa usipumue wala usigeuke. Na viatu vyenyewe alivyovaa vilikuwa vya dada yake, vya visigino virefu!"

Wote wakamgeukia Ethel.

"Ni kweli," Ethel akasema polepole. "Nilishikwa kiuno na Bernard nisianguke. Nikadhani tangu siku hiyo kwamba unajua." Akamtazama mumewe kutoka chini hadi juu, safari ndefu. "Kumbe Baba Witness, miaka yote hii umeishi na mimi, unamjua tofali."

Lilikuwa neno la kuchekesha, na akina mama wakacheka, lakini Ethel mwenyewe hakucheka. Filemoni aliona hilo, na likamchoma. Angependa dunia ipasuke. Sadallah, kwa upole, akataja gharama ya kubomoa na kushusha kila kitu: laki tatu na themanini. Filemoni akapiga hesabu kichwani bila kutaka. Zaidi ya mara nane ya ile safari aliyoikata. Na benki hapakuwa na kitu, alikuwa amefunga hesabu mpaka shilingi ya mwisho, tena kwa furaha.

"Korosho zikiuzwa..." akaanza.

"Nnungu wangu," akasema Ethel, akimwita Mungu kwa Kimakonde. "Usiimalizie hiyo."

Bernard, ambaye siku zote hutaka kusaidia, akasema anaweza kutafuta tofali lingine.

"Nilipanda tofali mara moja, kumfikia mwanaume huyu," Ethel akasema. "Nikashuka. Sipandi tena." Akaangalia saa ya ukutani. "Gari la Masasi linaondoka saa tisa. Sasa saa saba na nusu."

Filemoni akalitazama begi pale mlangoni, limefungwa bado. Hapo ndipo mtu yule mrefu, mwalimu wa watu, mbele ya akina mama sita, fundi na mzee wa kanisa, akasema kitu ambacho hakuna makisio yaliyowahi kukiandika. "Ethel, usiondoke. Nyumba hii bila wewe mimi siiwezi. Nimekula muhogo mbichi."

Akamwita Ethel, hakumwita Mama Witness. Hata Bibi Emilia alijifuta macho, ingawa huenda ni kicheko kilichobaki.

Ethel akageuka akaikagua kaunta tena, kama anayeiona upya. "Hebu simama hapa," akamwambia mumewe. Filemoni akasimama. Viwiko vyake vilitua juu ya vigae kwa raha. "Nyoosha mkono kabatini." Akanyoosha, akafungua mlango wa juu bila taabu. "Mmeona wenyewe," Ethel akawaambia wageni. "Mpishi amepatikana. Bibi Emilia, naomba kiti. Si kigoda, kile kiti chake cha sebuleni, chenye mito. Baba Witness, washa gesi, teleka maji. Unga wa muhogo uko wapi? Wageni wana njaa."

Usinilazimishe kusimulia ugali ule. Ulisongwa na mtu aliyefundisha asilimia maisha yake yote na bado akakosea kiasi cha unga mara tatu. Ethel alikaa kwenye mito akitoa maagizo, songa, geuza, usiukune, songa, na akina mama wakahesabu mizunguko kwa sauti kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Mbaazi ziliungua chini, zikabaki mbichi juu. Lakini zilipakuliwa. Ethel akapewa wa kwanza. Akakata tonge, akalifinyanga, madonge mawili yakajitokeza, akachovya, akatafuna.

"Hiki ni nini?"

"Ugali," akasema Filemoni, jasho likimtiririka.

"Umesema wewe."

Nje, gari la saa tisa likapiga honi barabarani. Filemoni akashika mwiko kwa mikono miwili. Gari likapiga honi tena, ya pili, ndefu, ile ya kuwaambia waliochelewa kwamba sasa basi. Ethel alikuwa anatafuna bado. Macho yake, Filemoni aliona, yalikuwa makavu na meupe, hayana hata chembe ya wekundu, katika chumba ambamo ugali ulikuwa umepikwa. Mlio wa gari ukapungua, ukapotelea upande wa mteremko.

"Nipe mbaazi tena," akasema Ethel. "Zile za katikati."

Hapo ndipo kigelegele kilipotoka, na wanaosema kilisikika ng'ambo ya Ruvuma wanatia chumvi, ila si nyingi.

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi sita. Asubuhi na jioni Filemoni alisimama jikoni, Ethel kwenye kiti. Alipotaka kuonja alinyanyuka, akapita chini ya mkono wa mumewe ulioshika mwiko, kichwa hakigusi kwapa, akachovya kidole, akarudi. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kuliangalia jiko, wakisema wanataka kuona makabati, lakini kila mmoja alikuja saa za mlo. Filemoni akazoea. Ugali ukaacha madonge mwezi wa tatu. Mwezi wa nne Bernard akaomba kuongezewa.

Korosho zikaiva, zikaenda ghalani, mnada ukafanyika, fedha zikaingia. Jumatatu ya kwanza Filemoni alimwita Sadallah mwenyewe, kabla Ethel hajasema neno. Kijana akaja na tindo, msumeno na tepu. Daftari likafunguliwa ukurasa mpya, na mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa ubaoni, ulisomeka: Kumpima mpishi.

"Kabla sijampima mama," akasema Sadallah, akijizuia kucheka, "mwalimu, hebu nikuulize tena. Anakufika wapi?"

Filemoni hakwenda sebuleni. Hata hakumgeukia mkewe. Aliweka kiganja kifuani pake, upande wa kulia, chini kidogo ya kwapa. "Hapa."

Sadallah akamsimamisha Ethel ukutani, peku, akapiga alama ya penseli juu ya utosi. Akamsimamisha Filemoni kando yake. Akavuta tepu, akasoma, akasoma tena.

"Amekosea kwa kidole kimoja."

Ethel akainua macho akamtazama mumewe, na safari hii alikuwa karibu sana, bega lake kwenye mbavu zake. "Kidole kimoja nakusamehe," akasema.

Sadallah akashika tindo. "Haya, nianzie wapi kushusha?"

"Anzia hapa dirishani," akasema Ethel, akionyesha. "Nataka mahali pa kukatia mboga, nione nje. Shusha na kabati lake." Kisha akaweka mkono juu ya vigae upande wa pili, pale jiko la gesi lilipokaa. "Huku usiguse. Huku pana mtu wake."

Filemoni akakohoa kidogo, akaangalia saa. Ilikuwa karibu saa sita. Akafungua kabati la juu akachukua unga.